Arobaini na Moja

Saa nane za usiku, Kutaisi, theluji juu ya bati,
nahesabu.
Jumberi amekoroma mpaka glasi kabatini zimegongana,
halafu kimya.
Kumi. Ishirini. Kifua kinapanda bila hewa,
mvukuto uliotoboka.
Siku za mwizi ni arobaini, wanasema;
huyu mwizi wa pumzi hufika arobaini na moja
ndipo nampiga teke la muundi,
naye anarudi duniani kwa kishindo,
ananiuliza, "Eteri, kuna nini?"
Hakuna kitu. Lala.

Mashine tulipewa. Inaning'inia msumarini
kando ya kofia yake ya manyoya, mkonga wa plastiki na yote.
Usiku wa nne aliivua usingizini akaitupia kwenye kuni.
Mjukuu alimwita tembo. Alicheka,
ila macho hayakucheka.

Basi tukapanda treni hadi Tbilisi
kwa Daktari Mzia, mwenye vidole vifupi,
anayechora makoo ya watu nyuma ya bahasha.
Kwa saa moja, alisema, unakufa mara hamsini na mbili
na kufufuka mara hizo hizo.
Moyo umechoshwa na mazishi.

Njia ya kwanza: kukata kimeo,
hicho kidakatonge, tone lisiloanguka,
pamoja na nyama laini ya pembeni.
Wiki mbili utameza mate kama unameza kioo.
Huenda chai ikatokea puani.
Huenda mkoromo ukarudi mwaka wa tatu,
kama mpangaji aliyesahau mwavuli.
"Na sauti?" aliuliza Jumberi.
Daktari akaweka kalamu chini.

Maana mume wangu ni bani.
Kwenye meza za harusi na za matanga
wengine wawili wanapopanda na wimbo
yeye hubaki chini, ameshika noti moja
ndefu kama boriti, na nyumba nzima inailalia.
Miaka thelathini na minane.
Mtu ambaye usiku hapati pumzi,
mchana pumzi yake haina mwisho.

Ya pili: taya. Msumeno mdogo, juu na chini,
yasogezwe mbele sentimita moja, yakazwe kwa skrubu.
Uji kwa mrija wiki sita.
Kidevu ganzi, labda mwaka, labda ndiyo basi.
"Hii ndiyo yenye nguvu," alisema, "ila sura itabadilika."

Ya tatu: kidude chini ya mtulinga,
waya hadi mshipa wa ulimi,
na kwa kila pumzi ulimi unasukumwa mbele
kama wa mtoto anayedhihaki. Unakiwasha kwa rimoti.
Bei yake: mizabibu yetu, ng'ombe,
na tiketi ya ndege juu.
Mume wa rimoti! Tulicheka ndani ya treni
mpaka Zestaponi, kisha hatukucheka tena.

Jana, akichochea jiko, akasema bila kugeuka:
"Kimeo ni kengele. Taya ni mlango.
Mlango wausogeze. Kengele waniachie."

Nilitaka kumwambia heko.
Badala yake nikafuta vumbi picha ya harusi:
kidevu kile kifupi, kilichorudi nyuma
kama mtu anayeogopa kuingia sebuleni.
Kidevu cha baba yake. Cha mwanetu Gela.
Nilikipenda kabla sijampenda mwenyewe,
na kumbe ndicho kinachomnyonga.
Sasa nitabusu mdomo wa mgeni,
na mgeni hatausikia.

Fomu iko chini ya chupa ya chumvi.
Ametia sahihi; nimeiona. Kwa penseli.
Kifutio kimo kwenye mkoba wa mjukuu,
nimeshaangalia.

Saa nane na robo. Kimya tena.
Kumi.
Kumi na tisa.
Thelathini na moja.
Mguu wangu uko tayari.