Misumari Kumi na Minane

Saa mbili asubuhi, Nadharia za Uhalifu.
Daktari Mlekwa anaandika ubaoni kwa chaki inayolia:
Kwa nini mtu huvunja sheria?
Nusu ya darasa tunanakili swali
kana kwamba ndilo jibu.

Treni ya mizigo inaingia Tabora kutoka Kaliua,
vioo vinatetemeka, mhadhara unasubiri ipite.
Mimi huhesabu mabehewa. Ni tabia ya nyumbani.

Baba alikuwa wa genge la reli, Usoke hadi Urambo,
nyundo begani, suruali inanuka grisi.
Mwaka ule miezi saba ilipita bila mshahara,
na duka la Shija likaacha kutuandika daftarini.
Misumari kumi na minane ya mataruma
ndani ya mfuko wa mbolea ya tumbaku.
Mnunuzi wa chuma chakavu hakuulizwa neno.
Baba aliulizwa yote.

Jamhuri dhidi ya Kapela Mihambo.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani Jamhuri ni mtu.
Nikamtafuta kwenye mabenchi ya mahakama,
nimwone uso,
nijue na yeye ana watoto wangapi.

Sasa namjua Jamhuri. Nimemfaulu kwa alama sabini na moja.
Nayajua mapito ya haki jinai, kutoka kukamatwa hadi rufaa,
nayachora kwa mishale bila kuangalia kitabu.
Kuna nadharia ya mkazo, kuna ya kujifunza kwa wenzio,
na ile ya kubandikwa jina.
“Hii ni nyepesi,” Mlekwa anasema, “haihitaji mfano.”
Kweli, sihitaji.
Shuleni niliitwa Taruma mpaka darasa la saba.

Mwezi wa nane walitupeleka gereza la Uyui kwa mafunzo ya vitendo,
tuna madodoso, kalamu za bluu, fulana za chuo.
Sajini Kashindye akatutembeza karakana:
harufu ya mninga, randa, gundi ya moto,
na vumbi la mbao limekaa kwenye kope za watu
tulioambiwa tusiwaulize majina.
Swali la saba: Je, katika familia yako
yupo aliyewahi kufungwa?
Nilimsomea mmoja, shati lake la chungwa limetoboka kiwiko.
Akacheka. “Na yako wewe?”
Fomu haikuwa na nafasi ya jibu langu.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.
Kwenye basi nikalifuta.

Miaka mitatu baba alikaa mle.
Alifungwa kwa kung'oa misumari;
wakampa nyundo, wakamfundisha kupigilia.
Hajawahi kusimulia, isipokuwa siku moja tunamenya karanga:
“Kila kiti nilichounda, msumari mmoja niliupinda makusudi,
chini kule, asipotazama mtu.”
Kwa nini, baba?
Alipuliza maganda kwanza.
“Nilitaka niwe na kosa moja
ambalo hakuna atakayenihukumu.”

Leo mhadhara umekwisha, wenzangu wamekimbilia chai.
Viti vya ukumbi huu vina muhuri wa moto chini ya kikalio:
MAGEREZA, na mwaka uliofifia.
Nimepindua safu ya tatu. Nimepindua ya nne.
Misumari yote imenyooka, imezama sawasawa,
kazi ya mtu asiye na neno.
Safu ya tano, vivyo hivyo.
Ubaoni swali la Mlekwa halijafutwa.

Mama Nyamizi wa usafi amesimama mlangoni,
kidevu juu ya mpini wa fagio.
“Umepoteza nini, mwanangu?”
Nasema, “Kalamu.”
Haulizi ni ya rangi gani.
Analaza fagio sakafuni, anafunga kanga vizuri,
anaanza kupindua viti vya upande wake.