Tiketi

Nyuma ya daftari la madeni ya mkaa
nimeandika: shuka, bisi, soda, taa.
Nikafuta soda, nikaandika ukwaju.
Nikafuta keki, nikaiandika tena,
maana miaka saba haiji mara mbili
na Mwanatumu ameshaitangazia
Barabara ya Kumi na Sita yote
kwamba Jumamosi kwetu kuna sinema.

Sinema! Neno kalitoa kwa bibi yake.
Mimi nilidhani katuni,
simu ikiegemezwa kwenye chupa ya chai.
Akasema la. Sinema,
yenye mlango, yenye giza, yenye watu.

Nikaenda kwa Mhando wa kibanda umiza
kuazima mashine yake ya kuonyeshea mpira.
Akanipa masharti kama ya mganga:
isiingie vumbi, isiguswe na mtoto,
saa mbili u nusu iwe imerudi, kuna mechi.
Nikaifunga kwenye kerea ya baiskeli
kwa mpira wa tairi, nikaifunika kanga,
nikapita Ngamiani nikikwepa mashimo
kama mtu aliyepakia mayai ya kuazima.

Shuka jeupe lililopatikana
lina doa la hina, la harusi yangu.
Nikalitundika doa likae pembeni, chini,
nikasema watadhani ni sehemu ya picha.

Keki niliagiza Chumbageni, kwa Bi Mashavu.
Nilimwambia: kamera.
Ilipofika ilikuwa pasi.
Pasi ya mkaa kabisa, na mpini wake.
Tuliitazama wote wawili.
"Hebu igeuze," akasema.
Nikaigeuza. Ikawa pasi iliyopinduka.

Tiketi kakata mwenyewe,
kwenye kalenda ya mwaka jana,
mhuri wake kizibo cha soda na rangi ya viatu.
Watoto niliowaalika kumi na mmoja.
Tiketi alizokata, mia na kitu.
Sikuuliza. Nilikuwa nakaanga bisi.

Magharibi ikapita, wakaja.
Shuka likawaka, likapanda jangwa,
ndama wa ngamia akaanza kumtafuta mama yake,
nami nikatulia jikoni, nikamshukuru Mungu,
nikasikia kicheko, nikasema: picha imewakolea.

Nikatoka na sinia la bisi.
Sebuleni hakuna mtoto.
Yuko bibi peke yake juu ya mkeka,
miguu kainyoosha, machozi yanamtoka
kwa ajili ya ngamia.

Wenzake wako nje, kwenye foleni.
Wanaingia mlango wa mbele,
tiketi inapasuliwa kati, tochi inawaonyesha mahali,
wanakaa kidogo kwa adabu,
kisha wanachomokea uani, wanazunguka nyumba,
wanapanga foleni upya.
Hemedi kashaingia mara tisa.
Mwanatumu kavaa koti la marehemu babu yake,
mikono imemezwa, tochi inachungulia tu.

Nikataka kupita na sinia langu.
"Tiketi?"
Mimi ni mama yako.
"Tiketi, mama."
Kwenye nyumba ninayoilipia kodi mimi!
Nikasimama nyuma ya Hemedi.

Usiku, mashine imekwisha rudi kwa Mhando,
bibi yake alimwita, akamshika vidole.
"Unapasua haraka mno.
Babu yako alipasua taratibu,
mtu asikie kwamba ameingia.
Miaka kumi na tisa alisimama pale mlangoni,
pale wanapouza magodoro sasa,
na picha hata moja hakuwahi kuiona mwisho."

Mtoto akafikiri.
Akachukua kipande cha kalenda kilichobaki,
cha Novemba, akakipasua
taratibu, taratibu,
sikio kaliweka karibu.

Asubuhi nilifagia nusu za tiketi
hadi chini ya kabati. Nyingine ziko uani bado.
Na pasi ile, kwa kusahauliwa,
tuliinywea chai siku tatu.