Mguu wa Nne

Alianza kwa kupiga magoti.
Mtu mzima, suruali ya kitani,
akapiga magoti kwenye vumbi la randa, karakanani kwetu Kadutu,
akawasha taa ya simu
akachungulia chini ya viti viwili
kama daktari anayetafuta donda lililofichwa na mgonjwa.

"Kimoja ni orijinali," akasema Bwana Mukengeshayi,
anayenunua vya zamani na kuvipeleka Brussels.
"Kingine ni kopi."
Baba akaendelea kupiga msasa mlango wa mtu.

Kimoja kilitoka Muhumba, kwenye nyumba ya Mbelgiji
aliyeondoka usiku, sahani zikiwa bado mezani.
Babu alikichukua badala ya mshahara wa miezi mitatu.
Mgongo wake umepinda kidogo, kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina lake na hajaamua kugeuka.
Aliyeuchora mkunjo ule hatumjui.
Aliacha muhuri chini ya kalio:
herufi mbili, namba moja, zimechomwa kwa chuma cha moto.

Kingine alikitengeneza baba.
Mama Cibalonza wa Nyawera aliagiza viti sita
"kama kile cha kwenu, fundi, lakini visilie nikikaa."
Akalipia vitano.
Libuyu ya Shabunda, ilikauka darini miaka miwili.
Baba alipima ule mkunjo kwa waya,
akaupima kwa kamba,
mwisho akavitupa vyote, akakaa, akafumba macho,
akaupima kwa mgongo wake mwenyewe.
Ilimchukua juma zima kukaa.
Mama alidhani anaumwa.

Kisha lile tetemeko.
Ukuta wa jikoni ulikilalia kile cha Muhumba,
miguu mitatu ikawa kuni.
Baba akachonga mitatu mipya. Ule wa nne, mzima,
ukagoma kulingana na wageni: mrefu kwa unene wa ukucha.
Hakutaka kuukata.
Akauchomoa, akachonga na wa nne,
na ule wa zamani akautia kwenye kiti cha sita, kile cha deni,
ulimi ukaingia tunduni bila gundi.
"Mti mzima hautupwi," alisema, basi.

Kwa hiyo bwana, ungeniuliza mimi,
mimi niliyeshika taa usiku ule umeme ulipokatika,
ningekujibu: orijinali ipi? Uianzie wapi kuihesabu,
miguuni au kaliona?
Hakuniuliza. Alikuwa ameuona muhuri.
Akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu,
kama anayesoma kaburi la mtu wa kwao.

"Kaa kwanza," baba akamwambia. "Kaa kwenye vyote viwili."
Akakaa. Kwenye kile cha baba
akasahau kuinuka, akapokea simu mbili,
akavua kiatu kimoja.
Halafu akatoa dola mia nane kwa chenye muhuri,
na kwa hiki, akasema, thelathini,
kwa kuihurumia vanishi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Hawakuwahi kuona muhuri.

Nilifungua mdomo. Baba akakohoa.
Nalijua kohozi lile: ni karo ya wadogo zangu,
ni mabati, ni msumeno mpya.
Nikakibeba kiti hadi kwenye gari lake,
nimeikumbatia miguu minne ya baba yangu
iliyokuwa inakwenda Ulaya kwa jina la mtu mwingine.

Thelathini zake tulizikataa.

Usiku nimekaa juu ya kilichobaki.
Giza la Kadutu, jenereta la jirani linakoroma,
mkono wangu unashuka wenyewe kwenye mguu wa nyuma, kushoto,
mpaka kwenye vishimo vinne vidogo.
Niliving'ata mimi, nilipokuwa naota meno.
Meno yale yaling'oka, tukayarusha juu ya paa.
Haya niliyonayo yalikuja baadaye,
yakakaa palepale,
na sijasikia mtu akiyaita kopi.