Hai Maana Yake Mbili

Mshauri wa masomo alinifungia mlango wa Kiswahili:
"Huwezi kusomea unachokijua."
Kijerumani kimejaa. Kihispania kimejaa.
Kivietinamu, saa mbili asubuhi, vimebaki viti vitatu.
Nikakaa kimoja.

Nje ni Edmonton, Januari,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
mto umeganda, hata jina lake refu limeganda,
na mimi, mama wa watoto wawili, miaka arobaini na mmoja,
nafungua daftari lenye picha ya paka
nililomnyang'anya binti yangu.

Mwalimu Diễm ana miaka ishirini na tisa.
Anaandika ubaoni: một, hai, ba.
Hai ni mbili.
Nyuma yangu Braden anarudia kama anayetafuna barafu.
Mimi nimeduwaa: kwetu hai ni mwenye pumzi.
Na chai ni chupa.
Hai chai, chupa mbili.
Naandika pembeni kwa penseli: chai ingali hai,
nacheka peke yangu, naulizwa kuna nini,
sijui nianzie wapi.

Mai ni kesho.
Bibi yangu wa Siyu aliyaita maji mai,
"nipa mai, mwanangu,"
na sasa kila nikimkumbuka
ananiomba kesho, kwenye kikombe cha bati.

Sauti ni sita.
Moja inapanda, moja inaanguka,
moja inajikwaa katikati kisha inaendelea
kama mtu anayeomba asiwe ameonekana.
Ulimi wangu umezoea kukanyaga
silabi ya pili toka mwisho, kila neno, tangu kuzaliwa,
ajuavyo mtu ngazi za kwao gizani.
Hapa kidato ni kimoja tu
nacho kinakwenda pande sita.

Quỳnh, ambaye wazazi wake wanauza supu ya phở
na hajui kuandika jina la nyanya yake,
anauliza: kwa nini kisu kinaitwa con,
kama paka, kama samaki?
Darasa linaguna.
Mimi siguni. Nimetoka kwa watu
waliovisha kifaru na kijiko kanzu moja.

Lakini "mimi" ndiyo iliyonishinda.
Ipo tôi, asema mwalimu, ila ni ya baridi,
ni ya barua za benki.
Mwanafunzi ni em, mdogo. Mwalimu ni cô.
Basi kila asubuhi namwambia binti
niliyemtangulia duniani miaka kumi na miwili:
mdogo wako amechelewa,
mdogo wako hajaelewa,
mdogo wako anaomba kwenda msalani.
Kinywa kinakubali, magoti yanakataa.
Ni kumpa shikamoo
mtoto uliyemfunga nepi.

Machi, mtihani wa kuzungumza.
Nilikusudia kununua machungwa,
kinywani ikanyesha mvua,
kosa la ndoana moja ndogo juu ya u.
Alama sitini na moja.

Kituoni basi limechelewa.
Diễm amejikunyata ndani ya koti,
kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, pua nyekundu,
na huku nje hana ubao wala chaki.
Ananitazama. Anapima kitu.
"Chị có lạnh không?"

Chị.
Dada mkubwa. Dada mkubwa, unasikia baridi?
Nimeelewa kabla sijatafsiri,
na maneno yangu mia mbili yote yakakimbia
isipokuwa moja: không,
hapana, ambayo pia ni sifuri.
Nikalisema kwa sauti ya kwanza,
isiyopanda wala kushuka,
uongo ulionyooka kabisa;
vidole vya miguu nilikuwa sivisikii.

Akacheka. Basi likaja.
Akasogea pembeni,
nipande kwanza.