Mngoje Chini

Gari lile tunaliita bauza, kwa adabu.
Mji huu una adabu nyingi juu ya jambo hili:
mtu huenda haja, huenda msalani,
hutoka kidogo, hujisaidia.
Tangu Tudor hadi Nyali
hakuna hata mmoja aliyewahi kunya.

Nami nakaa Shika Adabu,
robo ekari ya mchanga mweupe kama unga wa muhogo,
mchanga usioweka siri wala maji:
unamwaga ndoo, unageuka kumwita mtoto,
ukirudi pamekauka.
Miaka mitatu mahindi yangu yalisimama
kama wageni waliokosa viti,
manjano, membamba, yakitazama barabara.
Mbolea ya dukani ikapanda bei
nami nikashuka.

Ngare alikuja kwanza na gunia moja.
Akalifungua, akachota kiganjani, akaninusisha.
Nilijikaza kwa ile harufu unayoijua.
Nikanusa kichaka kilicholala na mvua.
“Hii ni nini?”
“Ni Mombasa,” akasema.

Tope la mabauza, limeanikwa vitandani hadi likapasuka,
likachanganywa na unga wa mbao
na mavi ya ng’ombe wa jirani yake,
rundo refu kuliko gari lililolileta.
Kila asubuhi huchoma nondo katikati, huichomoa.
“Ikikuunguza, mayai ya minyoo yanakufa.
Isipokuunguza, geuza, ungoje tena.”
Miezi inapita hivyo.
Akanionyesha karatasi ya maabara
kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa.
“Usitie kwenye kinacholiwa kibichi.
Kachumbari iache kabisa.
Na haraka, dada yangu, haraka ndiyo najisi yenyewe.”

Aliye juu mngoje chini, husema watu,
wakidhani ni habari ya vyeo.
Mimi nimemngoja. Ameteremka:
pilau ya harusi ya Kizingo,
pweza wa mwenye hoteli,
maharagwe ya bawabu wake,
wote wamefika Shika Adabu rangi moja,
hakuna anayemtambua mwenzake.

Mebakari, mama wa mume wangu,
alisimama mpakani, leso puani.
“Na swala zangu je?”
Sikuwa na kitabu cha kumjibia.
Nilihesabu tu hatua, kwa sauti,
toka shimo la choo chetu hadi kisimani.
Kumi na mbili.
“Tumekuwa tukiyanywa, mama,
ila kwa adabu.”
Majuma matatu hakunisemesha.

Mei, mvua ikakatika alasiri,
nikachimba kwa kidole.
Mchanga ulikuwa mweusi, umeshikana,
unyevu bado umo, haujakwenda popote.
Nyungunyungu mmoja akajikunja kwa hasira:
nimefungua mlango bila hodi.

Sitasema mavuno yalijaza ghala.
Ghala sina.
Mahindi yalifika kifuani, kisha yakanipita.
Biringani zilizaa hadi nikachoka kuwapa watu.
Mebakari hakuzigusa hata moja.

Ila usiku, nikifunga kuku,
nilimwona na ndoo ndogo, ameinama kwenye rundo,
anachota, anaangalia nyuma,
anachota.

Mwezi wa sita harusi, Kibokoni.
Mebakari katika baibui lake jipya
amevaa kikuba cha asumini nene kama vidole vya mtoto.
Wanawake wakasogea, wakavuta pumzi.
“Mashallah! Umeinunua wapi hii?”
Akanitazama mimi. Akawatazama wao.
“Ya nyumbani,” akasema,
akameza chai yake taratibu.

Tuliporudi nikaenda msalani.
La.
Nikaenda kunya,
nimetulia kama mtu anayeweka akiba.