Mahali pa Kuingilia

Ajman, nyuma ya karakana za matairi,
kuna duka lenye kompyuta tatu na feni moja.
Hapo ndipo ninapochapa tarehe za watu:
dirhamu kumi na tano kwa fomu,
chai ya maziwa bure kwa anayelia.

Nimejifunza kuhesabu kama serikali ihesabuvyo.
Ijumaa ni siku. Sikukuu ni siku.
Siku uliyolala hospitalini na dripu mkononi ni siku.
Viza ikifutwa saa sita kasoro dakika moja usiku,
dakika ile nayo ni siku.

Muhula, wanauita. Siku za huruma.
Huruma yenyewe ina idadi,
na ikiisha haiagi.

Jumatatu alikuja Marivic wa saluni.
Tajiri wake kafunga duka, kenda Beirut kwa nduguze,
kamwachia viti viwili vya kuzunguka
na barua ya kufutiwa viza.
"Nilidhani wanahesabu tangu niipokee."
Wanahesabu tangu iandikwe, dada.
Akakunja vidole, akakunjua, akakunja tena,
kila ukucha na rangi yake,
na kila alipohesabu
siku zilikuwa zilezile.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe tulikabidhiwa uwanja wa ndege,
mizigo haijatoka.
Ugeni tumekumbushwa
siku jembe liliporudishwa ghalani.

Jumatano, Purna na mkewe Dilmaya,
na kichanga kwenye shali: Samjhana,
siku mia moja thelathini na moja.
Muhula wake ulikuwa mia na ishirini.
Hospitali ilishikilia cheti
mpaka deni la upasuaji limalizike,
na deni la upasuaji halina haraka.

"Amezidisha siku," nikawaambia,
na sauti yangu ikaniaibisha.
Amezidisha vipi?
Hajavuka mpaka wowote ila ule wa mama yake,
na huo alivushwa kwa kisu cha daktari.

Kliniki wamempima: kilo tano na robo.
Gramu na dirhamu, gramu na dirhamu,
anaongezeka huku, anaongezeka kule.
Ananyonya yeye, inanona faini.

Fomu ikauliza: Tarehe ya kuingia nchini.
Nikachapa tarehe ya kuzaliwa.
Fomu ikauliza: Mahali pa kuingilia.
Nikaparuka.
Fomu haivumilii pengo; ikanipigia mstari mwekundu.
Uwanja wa ndege. Bandari. Mpaka wa nchi kavu.
Purna akanitazama kama mwanafunzi mbele ya ubao.
"Andika ndege," akasema. "Sote tulikuja kwa ndege."
Dilmaya akacheka,
kiganja kimeshikilia mshono.

Nikachagua Nyinginezo.
Mashine ikaridhika, ikapiga jumla.
Purna akatoa noti kutoka soksi ya mtoto,
akazihesabu juu ya meza, akazihesabu juu ya goti.
Zilipungua sitini.
Sikuwatoza ya kuchapa.
Si jambo la kujisifia:
bado zilipungua arobaini na tano.

Jioni nikashusha shata.
Karatasi yangu mwenyewe nimeibandika ukutani,
nyuma ya kalenda ya muuza mchele,
wateja wasiione.
Miaka kumi na tisa nawatajia watu siku zao.
Yangu inaisha tarehe ishirini na nane,
tajiri kishasema hataongeza,
na nimesimama hapa na kalamu ya wino mwekundu
nimepotea kwenye hesabu ya mtoto wa chekechea:
siku ya kwanza, nayo inahesabiwa?

Nikampigia Marivic; yeye amekwisha kupita njia hii.
Simu ikaita
kwa mlio wa nchi nyingine.