Ngazi ya Kidato cha Pili B

Niliikuta ukutani.
Aliichora Mwalimu Elinami kabla hajastaafu,
kwa rangi iliyobaki baada ya kupakwa milango ya vyoo,
ndiyo maana ni ya kijani kile.
Vipandio sita: chini kabisa KUMBUKA,
kisha ELEWA, TUMIA, CHAMBUA, PIMA,
na juu, pale bati linapovuja, BUNI.

Miaka tisa nimewapandisha watoto wa Mbokomu.
Niseme kweli: tulikaa chini.
Taja sababu nne. Orodhesha. Nini maana ya.
Mtihani wa taifa ukitukuta palepale,
tumekishika kipandio cha kwanza kwa mikono miwili.
BUNI tulimwachia mjusi.

Januari vikaja vishikwambi, kumi na viwili,
kwa watoto hamsini na wanne
na bando la simu yangu.
Nikafanya kama tulivyoelekezwa semina ya Moshi mjini,
siku mbili, chai na maandazi:
kando ya kila neno la kijani
nikaandika kwa chaki neno jeupe.
Kumbuka: tafuta, hifadhi. Chambua: linganisha vyanzo.
Buni: rekodi, hariri, wape wengine.
Nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipongeza.

Wiki haijaisha, Aikaruwa akaniletea insha
juu ya maji ya mlimani. Safi. Nukta zote mahali pake.
Na mstari wa mwisho: *Bofya hapa kusoma zaidi.*
Nilicheka mpaka nikashika meza.
Halafu sikucheka.
Mtoto alikuwa amepanda ngazi nzima kwa kidole kimoja
na nyayo zake hazijaacha sakafu.

Jumanne akaja fundi Kileo na ngazi ya kweli,
ya mgrevilea, kutufungia antena.
Wingu likashuka, akasema kesho, akaiacha ukutani.
Kesho ya fundi ilichukua siku kumi na moja.

Saa nne, mapumziko, nachungulia dirishani: ngazi haipo.
Wameilaza juu ya mfereji. Wanavuka.
Manka mbele, kishikwambi ndani ya sweta,
Ombeni nyuma yake, na Aikaruwa, viatu mkononi.

Nilitoka na fimbo, nasema ukweli.
"Mwalimu," Manka akaniwahi,
"hiki kinasema mfereji wetu unatiririka mwaka mzima.
Kile cha akina Ombeni kinasema ulikauka zamani.
Na yote mawili yameandikwa vizuri."

Yameandikwa vizuri.
Nikajikuta nimeegemea ile fimbo.

Siku kumi na moja walivuka na kurudi.
Kipande cha jani la mgomba, kutoka mwamba hadi kwenye ngazi:
sekunde kumi na nne Jumanne,
Jumatano hakuna cha kuelea, tope tu na vyura.
Wakapiga picha, wakachora jedwali, wakagombana juu ya jedwali.
Wakamrekodi katibu wa maji, Mama Ndeshi,
akifungua daftari lake la kaunta lenye mafuta ya taa:
Jumanne na Ijumaa ni huku kwetu,
siku nyingine ni ng'ambo.
*Zamu*, alisema. Neno dogo hilo
halikuwamo katika kishikwambi chochote.

Usiku, nikisahihisha, nilijaribu kuwapanga kwenye vipandio.
Walianza na PIMA, wakarukia BUNI,
wakaanguka hadi KUMBUKA, hapo wakamkuta Mama Ndeshi,
wakarudi CHAMBUA na matope magotini.
Kalamu yangu nyekundu ilichora mishale
mpaka karatasi ikafanana na kiota.

Aikaruwa aliandika upya. Nusu ukurasa.
Makosa saba ya tahajia.
Nilimpa alama ambayo mkuu wa taaluma
ameniita ofisini niieleze.

Fundi Kileo alirudi Jumamosi, jua kali.
Akaigeuza ngazi yake, akaipangusa kwa kiganja,
akatutazama mmoja mmoja.
"Nani kaikanyaga hii, mwalimu? Ina matope kila kipandio."

"Darasa zima," nikasema,
nikaenda kumletea ndoo ya maji.
Ilikuwa siku ya ng'ambo.
Nilirudi na ndoo tupu.